Dar kwa laki tisa, Morogoro kwa laki sita na nyumba, au ufungue kituo chako? Ulinganisho kwa wasimamizi wa chekechea

Tangazo la kwanza linatafuta meneja wa kituo cha watoto Dar es Salaam, laki tisa kwa mwezi. La pili linatafuta mkuu wa chekechea ya kanisa Morogoro, laki sita na nyumba ya kuishi. Pembeni yupo shangazi anayesema kwa uzoefu ulionao ni aibu kuendelea kumtajirisha mtu mwingine, fungua cha kwako. Na kuna rafiki mliyesoma naye chuo, anakutumia kila tangazo la ajira za walimu serikalini.

Njia panda hii inawafikia wengi wenye astashahada au stashahada ya malezi na elimu ya awali, waliokaa na watoto miaka kadhaa kisha wakaanza kukabidhiwa ofisi. Laki tisa na laki sita humu ni mifano ya kufanyia hesabu, kwa sababu vituo hulipa kwa kupishana sana, hata vilivyo mtaa mmoja. Viwango vya makato ni vya kweli. Toa namba zangu, weka zako.

Vipimo

Kila njia nimeipima kwa mambo yaleyale: kinachobaki mkononi baada ya makato, makazi na nauli, saa za kazi na miezi inayolipwa, nafasi ya mtoto wako mwenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunalea wa watu huku wa kwetu wako nyumbani na dada wa kazi, na mwisho kesho yako, yaani mafao na kupanda.

Kuna swali moja linalotangulia fedha: kituo kimesajiliwa kama nini? Ubao wa getini unaweza kubeba maneno yote kwa mpigo, malezi ya mchana, chekechea, shule ya awali, lakini serikalini hivyo ni vitu viwili. Kituo cha kulelea watoto mchana kipo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kinasimamiwa na ustawi wa jamii. Shule ya awali iko chini ya wizara ya elimu, na anayekuja kukagua ni mthibiti ubora wa shule. Shule itakudai cheti cha ualimu. Kituo cha malezi kinaweza kukupokea na mafunzo ya malezi, kama yale ya chuo cha Kisangara kule Mwanga. Ukikubali kusimamia mahali panapojiita shule bila usajili wa shule, ujue siku ya ukaguzi mwenye mali huwa safarini, na wa kutoa maelezo ni wewe.

Makato, kwa njia zote mbili za kuajiriwa na mtu binafsi au taasisi

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hukatwa asilimia 10 ya mshahara, na mwajiri huongeza 10 yake. Kodi ya mshahara, PAYE, huja baada ya NSSF kutoka: shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi milioni moja ni 25, na kinachozidi ni 30. Uliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo unaongeza asilimia 15 ya mshahara wa msingi.

| | Dar, bila nyumba | Morogoro, na nyumba |
|---|---|---|
| Mshahara ghafi | 900,000 | 600,000 |
| NSSF | 90,000 | 60,000 |
| PAYE | 80,500 | 40,000 |
| Mkononi | 729,500 | 500,000 |
| Mkononi kwa mwenye deni la Bodi | 594,500 | 410,000 |

PAYE ya Morogoro ina jambo lake. Sheria ya kodi huihesabu nyumba ya mwajiri kuwa sehemu ya kipato chako. Hapa nimeichukulia kuwa nyumba ya kawaida ambayo kwa soko la pale ingepangishwa 80,000. Bila kuiingiza, kodi ingekuwa 24,000. Muulize mhasibu mapema kama ameihesabu, asije akagundua mwakani akakukata kwa mkupuo.

Pengo la laki tatu kwenye matangazo limeshashuka hadi 229,500, na bado hatujalipa kodi ya chumba.

Njia ya kwanza: meneja wa kituo binafsi, Dar es Salaam

*Mkononi.* Ni 729,500 kwa mfano wetu, ikiwa mwajiri anapeleka NSSF kwa mshahara wako kamili. Wapo wanaotangaza laki tisa, wakaandika laki tatu na nusu kwenye mkataba, nyingine ikaja kwenye bahasha ikiitwa posho. Mwezi wa kwanza utafurahi kwa sababu makato ni madogo. Utakapokwenda likizo ya uzazi au kudai mafao, utahesabiwa kwa ile laki tatu na nusu.

*Makazi na nauli.* Tuseme umepata chumba na sebule, choo ndani, Tabata au Kimara, kwa 250,000. Mwenye nyumba anataka ya miezi sita, 1,500,000, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Hiyo ni 1,750,000 kabla hujanunua godoro, na mshahara wa kwanza uko mwisho wa mwezi. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ni 600 tangu Desemba 2023. Ukipanda mbili kwenda na mbili kurudi ni 2,400 kwa siku, 52,800 kwa siku 22 za kazi. Ondoa kodi na nauli, zinabaki 426,700. Yule wa Morogoro ana 500,000 na hajapanda daladala.

Sasa geuza: unaishi kwenu Mbagala, au mwenzi wako ana nyumba. Ukiondoa nauli tu, unabaki na 676,700, na Morogoro haifiki hapo. Kwa maoni yangu swali la nani anakulipia paa linazidi lile la cheo, na wengi hulijibu wameshasaini.

*Saa na miezi.* Saa za vituo vya Dar hupangwa na foleni za barabarani. Mzazi anayefanya kazi Posta akiwa anaishi Goba atataka kumwacha mtoto saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na meneja ndiye mwenye funguo. Jioni simu zinaanza: "Madam, tupo Mwenge hapa, magari hayatembei." Walezi wameondoka, geti limeegeshwa, mtoto mmoja amekaa kwenye benchi na begi lake mgongoni, ameshakula biskuti ya akiba uliyokuwa nayo kwenye droo. Unafika kwako saa tatu usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na malipo ya ziada ya mara moja na nusu, lakini sehemu hiyo inamwacha nje anayesimamia wenzake na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Neno "meneja" kwenye barua linaweza kuwa ndilo linalokunyima ovataimu anayolipwa mlezi wako. Uliza pia kuhusu Desemba. Vipo vituo ambavyo watoto wakifunga, mshahara nao unafunga.

*Mtoto wako.* Hapa Dar inaweza kulipa vizuri kuliko inavyotangaza. Kama una mtoto wa miaka miwili au mitatu na kituo kinampokea bure, umeokoa ada, au mshahara na chakula cha dada wa kazi. Lidai liandikwe. Ahadi ya mdomo hufa siku mwenye kituo anapoajiri mkurugenzi mpya.

*Kesho.* Jiji lina ngazi. Ukishika kituo cha wazazi wenye uwezo kwa miaka miwili mitatu, jina lako linajulikana, na nafasi zinazofuata hupatikana kwa kupigiwa simu: shule kubwa zaidi, mashirika yenye miradi ya malezi, mafunzo ya walezi wikiendi. Mkoani mlango huo ni mwembamba.

*Inamfaa* mwenye pa kulala Dar, mwenye mtoto mdogo anayeweza kuingia kituoni, na anayetaka kupanda haraka.

Njia ya pili: mkuu wa chekechea ya taasisi ya dini, Morogoro

*Mkononi.* 500,000. Taasisi hizi nyingi zina uongozi wa jimbo au dayosisi na mhasibu wake, hivyo mkataba na makato huwa na utaratibu. Ongezeko la mshahara ndilo la kusubiri. Linapita kwenye kikao, kikao kinasubiri bajeti, bajeti inasubiri ada.

*Makazi na nauli.* Nyumba ikiwa ndani ya uwanja, nauli ni sifuri, na bodaboda ni ya kwenda sokoni. Mboga zinashuka kutoka Mgeta, na siku za mavuno nyanya na karoti zinakuwa za bei ambayo wa Dar hawaioni. Treni ya SGR kwa daraja la kawaida hadi Dar ilianza kwa nauli ya 13,000, kwa hiyo ndugu hawako mbali. Lakini nyumba ya kazi ni ya kazi. Ukiachishwa, au paroko mpya akija na mipango yake, unapoteza mshahara na paa siku moja. Anayekwenda huko na aweke akiba inayotosha kodi ya miezi sita mahali pengine, hata kama hatakuja kuihitaji. Angalia pia nyumba yenyewe kabla ya kusaini: fungua bomba, uliza mita ya umeme, LUKU, ni yako peke yako au mnachangia na ofisi.

*Saa na miezi.* Watoto wengi huondoka mchana, foleni hamna, jioni ni yako. Ila ukikaa ndani ya uwanja, kazi inakujua ulipo. Mzazi atagonga Jumapili kuulizia fomu, na mahafali, harambee na ugeni wa askofu vyote vitapitia kwako. Kwa miezi ya likizo, taasisi za namna hii mara nyingi hulipa miezi 12. Hakikisha barua inasema hivyo.

*Mtoto wako.* Mdogo atasoma hapo hapo, na uwanja wa kuchezea upo. Akifika sekondari utaanza kutafuta bweni.

*Kesho.* Taasisi nyingi hupenda kumsomesha mtu wao, hasa kwa mafunzo ya Montessori ambayo makanisa yameyashika miaka mingi. Ukiwa wa dhehebu lingine, uliza bila haya kama mkuu anaweza kuwa wewe kwa kudumu au unashika nafasi ya muda.

*Inamfaa* asiye na nyumba mjini, mwenye deni la Bodi linalomuuma, anayetaka kuweka akiba au kusoma jioni, na anayeweza kuishi akionekana na bosi wake kila siku.

Njia ya tatu: kufungua kituo chako

Hapa hakuna mshahara. Kuna masalio, na masalio huja mwisho, baada ya wote kulipwa.

*Mkononi.* Chukua watoto 40 kwa ada ya 90,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni 3,600,000, na hapo ndipo shangazi anapoishia. Toa kodi ya nyumba 500,000. Toa walezi watatu na mpishi mmoja kwa 300,000 kila mmoja, 1,200,000. NSSF ya upande wako, 120,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ya mishahara, 6,000. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana, tuseme 800 kwa mtoto kwa siku, siku 22, 704,000. Maji, umeme, gesi, sabuni na karatasi, 250,000. Jumla imefika 2,780,000. Zimebaki 820,000, na hapo wewe mwenyewe ni mlezi wa nne.

Sasa ujumbe unaingia: "Madam, nitatuma Ijumaa." Wazazi wanane tu wakisema hivyo, 720,000 hazijaingia. Umebakiwa na 100,000 na wafanyakazi wanne wanaosubiri mshahara siku hiyohiyo. Nimeona daftari la ada la kituo cha namna hii. Safu ya mwisho, ya "deni", ilikuwa imejaa kuliko safu ya "amelipa", na mwenye kituo aliwajua wote kwa sauti zao kwenye simu. Anayefungua kituo na aanze na swali la ada italipwaje. Kulipa kwa muhula, mwanzoni, kunaokoa zaidi kuliko kuongeza watoto kumi.

Gharama ya watu nayo inapanda. Kima cha chini cha sekta binafsi kimeongezwa kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia 1 Januari 2026, kila sekta na kiwango chake. Kabla ya kuandika bajeti, tazama kiwango cha sekta yako kwenye amri yenyewe. Namba za jirani aliyeanza mwaka juzi hazitakusaidia.

*Makazi na nauli.* Wengi huanzia nyumbani: vyumba viwili vya mbele vya watoto, vya nyuma vya familia. Nauli inakufa na kodi inagawanyika. Faragha nayo inakufa, na ustawi wa jamii wana masharti ya nafasi, vyoo na uzio ambayo sebule yako huenda isiyatimize. Mwite afisa aone kabla hujapaka rangi za katuni ukutani.

*Saa na miezi.* Saa zote. Desemba na Juni ada inakauka, kodi ya nyumba haikauki.

*Mtoto wako.* Yuko na wewe siku nzima, jambo ambalo kwa mama wa mtoto mchanga linaweza kuwa sababu tosha.

*Kesho.* Hakuna mwajiri wa kukuongezea asilimia 10. NSSF inawapokea waliojiajiri, na ni vizuri kujiunga kabla masalio hayajazoea kwenda kwingine. Deni la Bodi halisimami kwa kuwa umejiajiri. Kwa upande mwingine, kituo kikishajaa na jina likisimama, kina thamani: unaweza kukiachia mtu, kukikodisha, kufungua cha pili. Meneja hana cha kuuza.

*Inamfaa* mwenye nyumba au kiwanja cha familia, mwenye akiba ya kuendesha miezi sita bila kutegemea ada, na mwenye moyo wa kumwambia mzazi anayempenda kwamba kesho mtoto asije mpaka alipe.

Na serikalini?

Naipitia haraka, kwa sababu si kazi ileile. Madarasa ya awali ya serikali yamo ndani ya shule za msingi, na mkuu wa shule ni mmoja. Utaingia kama mwalimu, siku hizi kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, kwenye ngazi za mishahara ya walimu, TGTS: cheti B, stashahada C, shahada D. Kima cha chini cha mshahara serikalini ni 500,000 tangu Julai 2025. PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, inakukata asilimia 5 tu na mwajiri anaweka 15, bima ya afya NHIF asilimia 3, deni la Bodi lilelile 15. Cheo cha mwalimu mkuu huja na posho ya madaraka ya 200,000 kwa mwezi. Saa ni za shule, likizo inalipwa, mkopo wa benki unapatikana kwa urahisi ambao meneja wa kituo binafsi anausikia kwa wenzake. Kituo cha kazi huchagui. Unaweza kupangiwa wilaya ambayo hujawahi kuisikia, na darasa la awali lenye watoto wengi kuliko kituo kizima ulichotoka. Inamfaa anayetaka uhakika hadi kustaafu na asiyefungwa na mji.

Kwa hali yako

Kama una pa kulala Dar bila kodi, chukua Dar, ila saa za jioni zijadiliwe kabla ya mshahara. Kama utapanga, fanya ile hesabu ya kodi na nauli: ofa ya Dar isipoizidi ya Morogoro kwa zaidi ya laki nne ghafi kwa namba kama hizi, unabakiwa na pungufu kuliko wa Morogoro na unaishi kwa shida zaidi, na sababu ya kwenda iwe ngazi ya kazi.

Kama una mwenzi mwenye kipato Dar, Morogoro ina maana ya nyumba mbili na treni kila wikiendi, na ile faida ya paa inaanza kumomonyoka.

Kama una mtoto mchanga na nyumba ya familia yenye uwanja, kituo chako kianze kidogo, watoto 12 au 15, ukiwa na mlezi mmoja na bila kukopa. Kama huna nyumba wala akiba, fanya umeneja kwanza mwaka mmoja au miwili, na uombe kushika daftari la ada na manunuzi. Hapo utajifunza biashara kwa fedha ya mwenzio.

Kama unakaribia miaka 40 na hujawahi kuchangia mfuko wowote, serikali au taasisi inayopeleka michango kamili ina uzito kuliko laki moja ya ziada.

Na kwa ofa yoyote, kabla ya kusaini, omba barua iseme mambo haya: mshahara ghafi mmoja bila bahasha, idadi ya miezi inayolipwa kwa mwaka, nani hufunga geti saa kumi na mbili jioni ikipita, siku 28 za likizo ya mwaka, nafasi ya mtoto wako, na kama kuna nyumba, utapewa muda gani wa kuhama kazi ikiisha. Mwezi wa pili ingia kwenye taarifa zako za NSSF uone kama mchango umefika na ni wa kiasi gani.